Nimetubu na kulia sana, ila hela ya mjomba bado sijarudisha. Je, Mungu ameshanisamehe?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nina miaka 29, nipo Mwanza, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Kwa miaka 3 nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, na humo nilikuwa nakata hela kidogo kidogo, nikipiga hesabu vizuri haipungui milioni 3 na laki 6, nyingi iliishia kwenye kubeti. Mjomba alikuja kuona mzigo haulingani na mauzo, akamfukuza kijana mmoja aliyekuwa anapakia mizigo, mimi baadae nikaacha kazi kwa amani tu. Mwaka jana nikaokoka. Nilitubu nikalia sana, mchungaji akaniambia damu ya Yesu imefuta yote nisijikumbushe, ila nitoe sadaka ya toba kufunga huo mlango, nikatoa laki 3. Lakini kila nikimuona mjomba nakosa amani. Je, ni lazima nimwambie, au naweza kumrushia hela kidogo kidogo kwa namba asiyoijua? Halafu kubeti bado narudia, natubu narudia, Mungu bado ananisikia kweli?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara nne. Mara ya kwanza niliona hela, mara ya pili nikaona kubeti, ile ya tatu ndo nikamuona huyo kijana wa kupakia mizigo, na tangu hapo simuoni mtu mwingine. We mwenyewe umempitia haraka, sentensi moja tu, akamfukuza kijana mmoja, mkato, ukaendelea na mambo yako. Ntarudi kwake, shika hapo hapo.

Nianze na lile linalokunyima usingizi, kama Mungu amekusamehe. Msamaha wa Mungu haununuliwi kwa milioni 3 na laki 6, wala haukai unasubiri mpaka umalize deni ndo ushuke. Mchungaji wako hapo hakukosea, damu inafuta. Ukisoma habari ya Zakayo Luka 19 angalia nani alianza. Jamaa yuko juu ya mkuyu, hajaungama kitu, hajarudisha hata senti, na Yesu anamwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Yesu anajialika mwenyewe kwa mtoza ushuru mkuu, watu wote wananung'unika, chakula bado hakijaiva. Hela inakuja baadae. Zakayo anasimama mwenyewe hamna aliyemlazimisha, anasema nusu ya mali yangu nawapa maskini na kama nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Hapo ndo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Sasa watu wanavutana hapa, wengine wanasema aliokoka kwa sababu alirudisha, wengine wanasema kurudisha hakuna maana maana neema tu inatosha, mi naona wote wamesoma nusu. Mgeni aliingia bure, na alipoingia Zakayo hakuweza tena kukaa na mali za watu ndani ya nyumba ile ile.

Kwa hiyo ile kukosa amani ukimuona mjomba usiikemee kama pepo. Najua umefundishwa kwamba ukikumbuka dhambi ya zamani ni shetani anakushitaki, kuna wakati ni kweli kabisa, kuna watu wanateswa na kosa ambalo lilishamalizwa miaka mingi na wote waliohusika wanajua limemalizwa. Lakini la kwako halijamalizwa. Mjomba hajui, yule kijana hajui, hela bado haijarudi. Dhamiri yako inafanya kazi yake vizuri tu, ni kama jino linalouma, we unatafuta wa kukuombea wakati dawa ni kung'oa.

Hili neno toba lenyewe lina habari. Tumelipata kutoka Kiarabu na huko maana yake ya msingi ni kurudi, na kwenye Agano la Kale la Kiebrania neno wanalotumia manabii mara kwa mara ni shuv, nalo ni kurudi, lile lile la mtu aliyepotea njia akageuza miguu. Kwenye Agano Jipya la Kigiriki ni metanoia, kubadilika nia, kufikiri upya. Hakuna kati ya hayo lenye maana ya kulia. Machozi yapo kwenye Biblia sana tu, Petro alilia kwa majonzi, Daudi alilia, lakini machozi ni kitu kinachotokea njiani. Kwetu tumefika mahali madhabahuni watu wanapimwa kwa machozi, aliyegaragara sana ndo kaokoka sana, na Jumatatu ofisini yuko vile vile. Yohana Mbatizaji alikuwa na kipimo kingine. Soma Luka 3, watu wanamuuliza basi tufanye nini, we ungetegemea aseme fungeni siku 40. Anawaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru anawaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa, askari anawaambia msidhulumu mtu, msishitaki kwa uongo, mtoshewe na mishahara yenu. Yaani kila mtu aliambiwa habari ya kazi yake, pale pale alipokuwa anaibia. Wewe ungemfuata pale Yordani angekuuliza habari za duka.

Na kuna kitu kwenye Torati watu wengi hawakijui kwa sababu tukifika Walawi na Hesabu tunaruka. Kutoka 22 inasema mtu akiiba kondoo akamchinja au akamuuza atalipa kondoo wanne kwa mmoja, ng'ombe watano kwa mmoja, na akikutwa naye hai mkononi anarudisha wawili. Huyo ni aliyekamatwa. Ila nenda Hesabu 5 mstari wa 6 na 7, na Walawi 6 mwanzoni, kuna mtu aliyedhulumu mwenzake halafu yeye mwenyewe akaungama, huyo anarudisha kitu chenyewe kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Unaona tofauti hiyo? Anayekuja kwa miguu yake adhabu yake ni ndogo mno kuliko aliyekamatwa. Sheria yenyewe imewekwa ili mwizi atamani kuja. Na Zakayo aliyekuja kwa hiari, ambaye kwa hesabu hii alitakiwa kuongeza sehemu ya tano tu, akajichagulia mwenyewe adhabu ya mwizi wa kondoo, mara nne. Hakuna aliyemwambia, furaha ilimzidi.

Tena kwenye Walawi angalia mpangilio, anamlipa mwenyewe kwanza, siku hiyo hiyo, halafu ndo anapeleka kondoo dume kwa kuhani. Yesu anasema kitu cha namna hiyo hiyo Mathayo 5, umefika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale uende ukapatane kwanza.

Hapo ndo naingia kwenye ile laki 3, na ntasema bila kuzunguka. Ile hela ilikuwa ya mjomba wako. Simhukumu mchungaji wako, simjui, huenda alikuwa na nia njema, lakini kumchukua mtu anayedaiwa milioni 3 na laki 6 ukamwambia atoe laki 3 kanisani mlango ufungwe, hiyo haiko kwenye Biblia ninayoisoma. Hesabu 5:8 inataja wakati ambapo malipo ya dhuluma yanaenda kwa kuhani, ni pale aliyedhulumiwa hayupo na hana hata jamaa wa karibu wa kupokea. Mjomba wako yupo, anafungua duka kila asubuhi. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa mchezo huu huu, Marko 7, mtu ana kitu ambacho ni haki ya baba na mama yake anasema ni Korbani, nimeshakitoa kwa Mungu, kwa hiyo sina cha kuwapa. Usiende kuidai kanisani, utaleta ugomvi usio na faida. Ila kwenye daftari lako usiihesabu kama sehemu ya deni. Deni liko pale pale.

Wakatoliki kwenye hili wako wazi kuliko sisi wengi, niseme ukweli. Kwenye sakramenti ya Kitubio wana majuto, wana maungamo, wana malipizi, na katekisimu yao inasema wazi kwamba dhambi nyingi zinamuumiza jirani na lazima ufanye linalowezekana kurekebisha, kama kurudisha kilichoibiwa au kumrudishia mtu jina lake zuri uliloliharibu. Sisi Waprotestanti tuliogopa neno malipizi likatoka na kurudisha humo humo. Lakini hata Martin Luther, yule Mjerumani aliyetuanzishia Uprotestanti, zile hoja 95 za mwaka 1517 ya kwanza kabisa inasema Yesu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba, maisha yote, sio dakika 10 za mwisho wa mkutano wa injili.

Na kwetu huku Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mfano. Mimi ni mtu wa Kagera, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa Wakristo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda, alishuka Kampala akiwa amechoka roho kabisa, akakutana na Mkristo wa Kiganda, Simeoni Nsibambi, pale Namirembe, wakakaa na Biblia wakaomba pamoja. Miaka ya 30 moto ukawaka Gahini, mdogo wake Nsibambi aliyeitwa Blasio Kigozi akawa katikati ya mambo, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na habari ikasambaa Uganda, Kenya, na kabla ya 1940 ilishavuka kwetu Bukoba. Waliitwa Balokole, waliookolewa. Neno lao kubwa lilikuwa kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7, na maana yake kwao haikuwa kuhisi kitu, ilikuwa kuja mbele ya wenzako ukasema nimefanya hiki, halafu uende kwa uliyemfanyia. Watu walirudisha ng'ombe, walirudisha vitu vya hospitali, waliwafuata wazungu waliowachukia wakaomba msamaha, na kuna wazungu nao walipiga magoti kwa Waafrika, jambo ambalo zama zile lilikuwa halisikiki.

Bibi alikuwa anatusimulia jirani mmoja aliyerudisha jembe. Alikuwa ameliiba miaka mingi, limeshalika limebaki kama kijiko. Akaja asubuhi akaliweka mlangoni kwa mwenyewe akaungama. Mwenyewe akalitazama lile jembe akasema nimekusamehe, lakini hili si jembe nililoibiwa, langu lilikuwa jipya. Bibi akifika hapo alikuwa anacheka mpaka machozi. Yule bwana akasema sawa, akangoja msimu wa kahawa, akauza, akaleta jembe jipya. Nilikuwa mtoto nikadhani ni hadithi ya kuchekesha tu, nimekuja kuielewa nimeshakuwa mtu mzima na nimeshafundisha hili somo la toba chuoni miaka mingi bila kulielewa vizuri.

Sasa nisikudanganye kwamba Uamsho ulikuwa mbinguni. Kuungama kwenyewe kulikuja kugeuka mazoea kwa wengi, unakuta mtu anasimama kila wiki anaungama hasira na wivu, vitu vyepesi vyepesi, au anasimulia ulevi wa mwaka 1952 ambao kijiji kizima wanaujua na unamletea sifa, ile kitu ya jana hagusi. Na kuna jambo zito zaidi, Rwanda ile ile ya Gahini ndiyo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na walioua na waliouawa wengi walikuwa watu wa kanisani, wengine waliuawa humo humo makanisani walikokimbilia. Walikuwepo waumini waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wakafa nao, lakini mtu yeyote anayefundisha toba ukanda huu akiiruka hiyo habari hasemi kweli. Baadae zikaja mahakama za Gacaca, za wanakijiji wenyewe kuhukumu kesi za mauaji yale, zilifanya kazi mpaka 2012 zikapitia karibu kesi milioni 2, na sheria ilikuwa anayeungama na kueleza yote anapunguziwa adhabu. Ilisaidia, familia nyingi zilijua wapendwa wao walitupwa wapi wakawazika. Lakini manusura wengi walilalamika kwamba mtu anaungama kile tu kilichokwisha kujulikana, anakatisha hesabu pale inapomfaa. Nakutajia haya sio kwamba kosa lako linafanana na hayo, Mungu apishe mbali, nakutajia kwa sababu hiyo tabia ya kukatisha hesabu pale inapotufaa tunayo wote, na wewe kwenye ujumbe wako imo.

Ndo narudi kwa yule kijana.

Umeniuliza kama unaweza kumrushia mjomba hela kidogo kidogo kwa namba asiyoijua. Tuseme unaweza. Mjomba atashangaa, atadhani ni mteja aliyekuwa anadaiwa, au atadhani ni yule kijana ndo ameokoka anarudisha! Fikiria hiyo. Toba yako itakuwa ushahidi wa mwisho kwamba yule kijana ni mwizi. Hela inaweza kurudi kwa siri, jina la mtu halirudi kwa siri. Wewe umebeba hela za mjomba milioni 3 na laki 6, na umebeba jina la yule kijana, na hilo la pili ndo kubwa. Hujaniambia yuko wapi sasa hivi. Hapo mjini watu wa maduka ya ujenzi wanajuana, mtu akifukuzwa kwa wizi duka hili duka la jirani hawamchukui. Huenda alikuwa na mke, huenda alikuwa anamsomesha mdogo wake, huenda mama yake mpaka leo anaamini mwanangu aliiba. Na we ulikuwepo siku anafukuzwa, ukakaa kimya. Hukusema ni yeye, najua, lakini kimya chako ndo kilichotoa hukumu.

Kwenye Mwanzo kuna ndugu zake Yusufu. Walimuuza, wakampelekea baba kanzu yenye damu wakamwachia ahitimishe mwenyewe, hawakusema ameliwa na mnyama, walisema tu hebu itambue kama ni kanzu ya mwanao. Ni kimya kama chako. Zaidi ya miaka 20 inapita, wakiwa Misri wanabanwa, jambo la kwanza linalowatoka mdomoni ni kweli sisi tu wakosaji kwa ndugu yetu. Halafu angalia Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, sura ya 44. Mazingira yanajirudia yale yale, mtoto kipenzi wa baba yuko hatarini, wanaweza kumwacha waondoke salama, na safari hii Yuda anasema nibaki mimi mtumwa badala yake, kijana arudi. Maimonides, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba toba kamili inaonekana pale mtu anapowekwa tena kwenye nafasi ile ile ya kukosea, uwezo anao, na asifanye. Sisi Wakristo tuna cha kujifunza hapo. Wewe nafasi yako inajirudia siku ukisimama mbele ya mjomba. Unaweza kusema habari ya hela ukamwacha kijana ajitetee mwenyewe tena, au unaweza kusema mjomba yule uliyemfukuza hakuhusika hata kidogo, mhusika ni mimi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, mwambie. Na usimwambie kimafumbo, zile za mjomba kama kuna mahali nilikukosea naomba unisamehe, hiyo kila mtu anasema siku ya mwaka mpya. Sema kiasi. Sema miaka. Sema ulivyokuwa unafanya, kama ni kuuza bila risiti au kupunguza kwenye daftari, atahitaji kujua ili azibe. Sema jina la kijana kabla hujasema habari za kuokoka kwako, kwa sababu ukianza na wokovu atafikiri unatafuta kuonewa huruma.

Kuhusu hesabu, mimi ningefuata ile sehemu ya tano, sio kwamba ni sheria juu yako Mkristo, ila ni kipimo kizuri. Milioni 3 na laki 6 sehemu yake ya tano ni laki 7 na elfu 20, jumla milioni 4, laki 3 na elfu 20. Hujaniambia kipato chako, ila nimepiga kwa miezi, ukilipa laki na 20 kila mwezi inaisha kwa miezi 36. Miaka 3, ile ile uliyochukua. Kama laki na 20 huiwezi, lipa 60, mwambie ukweli itachukua miaka 6. Nenda na kianzio mkononi hata kama ni kidogo, maneno matupu alishayasikia mengi. Akikusamehe deni lote, mshukuru, lakini la kijana hana uwezo wa kulisamehe, si lake.

Kabla hujaenda kwa mjomba zungumza na mke wako, usimfanye asikie ukweni. Hiyo hela itatoka kwenye unga na ada ya mtoto wake, ana haki ya kujua. Na ujue kabisa kwamba wizi wa mtumishi ni kosa la jinai, mjomba akiamua kwenda polisi ana haki hiyo, siwezi kukuahidi kwamba atakukumbatia kama yule baba wa mwana mpotevu, huyo ni Mungu, mjomba ni binadamu. Anaweza kukasirika mwaka mzima. Wewe omba msamaha usidai msamaha, watu waliookoka tuna tabia mbaya hii, tukishaungama tunataka mwenzetu atabasamu hapo hapo na akikataa tunasema ana roho ngumu. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika pande zote, mzee wa ukoo au mzee wa kanisa mwenye busara, akae tu pembeni. Ila usilipeleke kwenye kipaza sauti Jumapili. Waliokosewa wanafahamika, duara la kuungama lisizidi duara la kosa, labda tu kama habari ya kijana ilishaenea mtaani, basi ukweli nao uenee hadi ulipofika uongo.

Kubeti sasa, kwa kifupi maana naona nimeandika sana. Mungu anakusikia. Yesu aliwaambia wanafunzi ndugu yako akikukosa mara saba kwa siku moja na mara saba akarudi akisema natubu, msamehe, sasa sidhani Mungu anatuagiza sisi kitu ambacho yeye hakiwezi. Lakini nikuulize, unapoanguka, unaanguka au unaenda? Mtu anayetembea akateleza ni tofauti na mtu anayeweka bando usiku ili kesho saa 10 jioni aangalie odi. Kama app iko kwenye simu, na hela ya mshahara inaingia kwenye laini ile ile unayobetia, na grupu la mikeka bado upo unasoma kimya kimya, hapo hujaomba msaada bado, umeomba msamaha tu. Futa, toka kwenye grupu, laini ya hela mpe mkeo aibadilishie namba ya siri, kampuni nyingi za kubeti ukiwaandikia wafunge akaunti yako wanafunga, na ukiona bado unatetemeka kabisa tafuta mshauri wa mambo ya uraibu hospitali, si kukosa imani. Paulo kwa Waefeso 4:28 anasema mwibaji asiibe tena, angeweza kuishia hapo, ila anaendelea, afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Mkono uliokuwa unachukua unapewa kazi mpya. Nadhani ile laki na 20 ya kila mwezi itakusaidia kwenye kubeti kuliko mifungo mingi, kwa sababu hela itakuwa na mwenyewe kabla haijafika.

Jambo moja la mwisho kuhusu huzuni yako, maana umeandika kwa namna iliyonitia wasiwasi kidogo. Yuda Iskariote alijuta, tena alirudisha vipande 30 vya fedha, tena aliungama, nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia. Kwa karatasi alifanya vingi kuliko Petro. Ila aliwapelekea makuhani, wakamjibu haya yatupasa nini sisi, yaangalie mwenyewe, akaondoka peke yake. Petro naye alikana mara tatu, akalia, lakini tunamkuta tena katikati ya wenzake, kwenye mtumbwi, anavua nao samaki. Paulo anaita moja huzuni ya dunia na nyingine huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, 2 Wakorintho 7. Usikae na hii peke yako usiku. Ukiona mawazo yanakuwa mazito mno, mwamshe mkeo, au nenda kwa mtu unayemwamini, usingoje kuche.

Usimfuate mjomba dukani, huko kuna wateja na simu hazikatiki. Nenda nyumbani jioni akiwa ameshakula, msalimie shikamoo, ukae chini, umwambie mjomba nimekuja na habari mbaya na inaanza na yule kijana uliyemfukuza. Akishakwisha kusema yake yote, muulize kama bado ana namba ya simu ya yule kijana. Kama hana, wewe uliyefanya naye kazi miaka yote hiyo utakuwa unajua alikuwa anakaa mtaa gani.